Breki ya Pili

Ukimpa lifti Mwalimu Breki, jiandae. Atapanda, atafunga mkanda, atakushukuru vizuri, na kabla hujafika kona ya kwanza mguu wake utakuwa unakanyaga sakafu ya gari lako kana kwamba ana ugomvi nayo. Wifi yake aliwahi kumwambia, "Wifi, utanitoboa gari bure, hapo ulipo hapana breki." Alijibiwa kwamba ndiyo maana watu wanakufa, kwa sababu hapo hapana breki.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha, katika gari dogo jeupe lenye kibao juu ya paa cha kuwaonya wengine kwamba aliyeshika usukani bado anajifunza. Gari la shule ya udereva si kama gari lako au langu. Chini, mbele ya kiti cha abiria anapokaa mwalimu, kuna pedali nyingine ya breki. Mwanafunzi akichanganyikiwa, akikanyaga mafuta badala ya breki, au akiachia usukani ili afunike uso, mwalimu anakanyaga ya kwake na gari linasimama. Pedali hiyo ndiyo iliyompa jina, na jina alilopewa na mama yake likabaki kwa mama yake.

Hasira hakuazima kwa mtu. Aliwakasirikia madereva wanaopita kwenye dimbwi mbio na kuwamwagia tope watoto wa shule, kisha wanatazama kwenye kioo na kucheka. Aliwakasirikia waenda kwa miguu wanaovuka macho yakiwa kwenye simu, utadhani barabara ni sebule ya shangazi yao. Aliwakasirikia wenye pikipiki wanaopanda njia ya miguu na kukupigia honi wewe uliye kwako. Lakini aliyemchemsha damu kuliko wote alikuwa mwenye shule, bwana mmoja nadhifu aliyeuza magodoro miaka mingi kabla ya kugundua kwamba leseni inauzika kuliko usingizi.

Bwana huyo hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alikuwa na tabasamu la dukani, na kwa tabasamu hilo alimwita Mwalimu Breki ofisini, zamani kidogo, akamkaribisha kiti.

"Mwalimu, wateja wanalalamika. Wanasema unawafungia breki kwa nguvu mpaka shingo zinauma."

"Kama hawafungi wao, nifanyeje? Niwaache wagonge?"

"Hapana, hapana. Funga, lakini pole pole. Kabla hata hajafika. Mteja asijue kama ni wewe."

"Asipojua atajifunza nini?"

"Atajifunza kujiamini," alisema mwenye shule. "Mteja ni mfalme, Mwalimu. Nani anamfungia mfalme breki?"

Alibishana naye siku hiyo, na siku nyingine, na nyingine tena. Walimu wenzake hawakubishana, na wanafunzi wakaanza kuwakimbilia wao na kumwacha yeye akipiga miayo kivulini na gari lake. Mwisho akapunguza mguu. Na hapa ndipo mtu unapotamani kumpiga kofi, kwa sababu si kwamba alikubali tu shingo upande kama wengine. Aliifanya kazi hiyo mbovu kwa ustadi. Mguu wake ukawa mwepesi ajabu. Gari likikaribia zebra, yeye anatazama nje dirishani, anaongea habari za bei ya mafuta, na chini mguu unabonyeza kidogo, kidogo tena, mpaka gari linapunguza mwendo kwa adabu mbele ya wanaovuka. Mwanafunzi anageuka, meno yote nje.

"Umeona, Mwalimu, nilivyopunguza?"

"Nimeona. Safi kabisa."

Safi! Mtu mwenye akili timamu alikaa mle ndani akasema safi.

Sasa, huyu Mwalimu Breki alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa mama yao. Baba alifariki mtoto hajaota meno, na dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamvusha darasa moja hadi jingine. Kijana hakuwa mbaya, ila hakuweza kuvumilia kukosolewa. Aliwekwa kwa fundi seremala, akaambiwa ubao umepinda, akavua aproni akaondoka. Akawekwa dukani, mwenye duka akamwambia ahesabu tena, hakurudi kesho yake. Dada mtu alipoomba ruhusa ya kumfundisha udereva saa za chakula cha mchana, alijiapiza kwamba safari hii kijana hataachia njiani. Kwa hiyo hakumkosoa. Kati ya wanafunzi wote aliowafungia breki kimya kimya, huyu alimfungia maradufu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba wengine watalia pamoja naye.

Kijana akafaulu mtihani. Mtihani wenyewe unafanyika uwanjani, katikati ya koni za plastiki: nenda mbele, rudi nyuma, egesha, yote kwa mwendo wa kobe, ambao ukiachia mafuta tu gari linasimama. Koni hazivuki barabara. Hazina mtoto mkononi wala mzigo kichwani. Alizipita zote bila kuigusa hata moja, na nyumbani mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakauliza kama kuna harusi.

Kazi nayo haikuchelewa. Shule moja ya chekechea ilikuwa inatafuta dereva wa basi dogo la kuwachukua watoto majumbani, kwa kuwa dereva wa zamani alikuwa anataka kupumzika. Mwalimu Breki alifahamiana na mwalimu mkuu wa pale. Alikwenda mwenyewe kumwombea mdogo wake, na alipoulizwa kama kijana anaweza, alijibu kwamba amemfundisha yeye mwenyewe, basi nini tena? Kazi ingeanza Jumatatu. Jumamosi kijana alikabidhiwa basi aizoee njia, akamwomba dada yake amsindikize.

Lilikuwa basi la njano lililochorwa vipepeo ubavuni, na ndani viti vidogo vidogo kama vya wanasesere. Kijana alikaa nyuma ya usukani amenyoosha mgongo kama bwana harusi. Alishika gia vizuri. Kona alizikata vizuri. Dada yake, kiti cha pembeni, alianza kuvimba kichwa kwa furaha.

Walipokaribia zahanati, mama mmoja aliingia kwenye zebra. Alikuwa na beseni la nyanya kichwani na mtoto wa kike mkononi. Alitazama kulia na kushoto, aliona basi lenye vipepeo bado liko mbali, akaanza kuvuka, kwa sababu hapo ndipo watu walipoambiwa wavuke. Basi halikupunguza mwendo. Mguu wa Mwalimu Breki ukaenda chini kama ulivyokwenda maelfu ya mara, ukakuta sakafu tupu.

"Shika breki!" alipiga kelele. "Breki!"

Kijana alipiga honi.

Yule mama alijirusha nyuma na mtoto wake. Beseni lilidondoka, na magurudumu yakapita juu ya nyanya pale pale miguu midogo ilipokuwa. Basi likaenda mbele bado, likaenda, kisha likasimama kwa kishindo, injini ikazima.

Jasho lilikuwa likimtiririka kijana mpaka kwenye kola.

"Umeona?" alisema. "Hili gari bovu. Breki zake hazishiki."

"Ulikanyaga?"

"Nini?"

"Breki. Nakuuliza, ulikanyaga?"

Kijana alitazama miguu yake kama mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza. "Kwani…" alisema, na kweli alikuwa anauliza, hakuwa akijitetea. "Lile la kwenu si huwa linapunguza lenyewe likikaribia watu?"

Kabla Mwalimu Breki hajajibu, ngumi ilikuwa inagonga mlango wa basi. Yule mama amefika, viatu mkononi, kilemba kimefunguka, akimburuta mtoto nyuma yake.

"Shuka! Shuka wewe kijana uone ulichotaka kuua! Mtazame! Mtazame vizuri, ana jina huyu, ana mama!"

"Samahani, mama, breki…"

"Breki nini? Umenipigia honi! Umeniona, ukanipigia honi, kwamba nikupishe uwahi wapi? Nani amekupa gari la watoto? Nani aliyekufundisha wewe?"

Kijana alimgeukia dada yake. Na Mwalimu Breki, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu barabarani, alifungua mlango. Alishuka upande wake, akarudi nyuma mpaka kwenye zebra, akaanza kuokota nyanya zilizosalimika. Mama alimfuata akampokonya beseni.

"Sikukuomba uniokotee. Nimeuliza nani kamfundisha."

Hasira aliyoizoea Mwalimu Breki, ile ya kwenda nje, ilikuwa imegeuka inamla mwenyewe.

Walipoondoka, alimwelekeza mdogo wake barabara ya nyuma ya kiwanda kilichofungwa, isiyopitwa na mtu. Aliweka tofali kando ya njia, akamwambia aje taratibu asimame penye tofali. Kijana alipita tofali. Akarudia, akakanyaga breki ghafla mpaka kichwa kikagonga usukani, tofali bado liko mbali. Akarudia tena, akapita. Hakuwa mzembe. Mguu wake haukuwa umewahi kupima chochote. Kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho, aliyesimamisha gari alikuwa mtu mwingine, na mtu huyo sasa alikuwa amesimama kando ya tofali.

"Shuka," alisema. "Naendesha mimi."

"Usimwambie mama," alisema kijana.

Alimwambia mama jioni ile ile. Mama alikuwa anapiga pasi shati jeupe la Jumatatu, na hakuacha kupiga pasi.

"Mwanangu, amekosea mara moja tu. Unataka kumharibia mwenzio riziki?"

"Hajakosea, mama. Hajui. Kuna tofauti."

"Nitajifunza nikiwa kazini," alidakia kijana kutoka mlangoni. "Kila mtu hujifunza kazini."

"Na watoto wa watu ndio daftari lako?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha!" Sauti ya kijana ilipasuka. "Ulikuwa unasema safi. Kila siku, safi, safi. Kama sijui, ni nani hakunifundisha?"

Pasi ilisimama. Mama aliwatazama wanawe wawili.

"Kosa ni la nani sasa?" aliuliza.

"Langu, mama."

"Basi kwa nini unamwadhibu yeye?"

"Gari halitauliza kosa ni la nani," alisema Mwalimu Breki. Akachukua mkoba wake akaondoka, na nyuma yake alimsikia mama akimwambia kijana akalale, dada yako ana hasira tu, hasira hupoa.

Haikupoa. Jumatatu asubuhi na mapema alikuwa kwenye uwanja wa chekechea. Aliomba ufunguo kwa mlinzi aliyemfahamu, akasema anapasha injini moto. Akapanda kwenye basi la njano, akakaa kiti cha dereva, akafunga mkanda, akakunja mikono.

Kijana alifika na shati lake jeupe, kola imesimama.

"Dada, shuka."

"Sishuki."

"Watu wanatazama."

"Ndiyo nataka watazame."

Walikuwa wanatazama kweli. Wapishi walitoka, wazazi wanaoleta watoto wao kwa miguu walisimama getini, na mwalimu mkuu, mama mrefu asiyependa vituko, alikuja na funguo za madarasa mkononi.

"Kulikoni, Mwalimu? Watoto wananisubiri majumbani."

"Watasubiri. Afadhali wasubiri." Mwalimu Breki alizungumza kutoka dirishani, kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. "Huyu kijana hajui kusimamisha gari. Juzi nusura aue mama na mtoto kwenye zebra."

"Lakini ana leseni."

"Leseni anayo. Breki hana. Wakati anajifunza nilikuwa namfungia mimi, upande wangu, na nilikuwa simwambii."

"Wewe mwenyewe ulikuja ofisini kwangu ukaniambia anaweza!"

"Nilikudanganya. Nilianza kujidanganya mimi, halafu nikaja kwako."

Mwalimu mkuu alimtazama kwa macho ambayo Mwalimu Breki aliyastahili, na aliyapokea yote. Hakuna aliyempigia makofi. Mzazi mmoja alisema kwa sauti kwamba wanawake wa siku hizi hawana haya, kumuumbua ndugu wa damu hadharani. Mwalimu mkuu alimpigia simu dereva wa zamani, akamsihi arudi japo kwa muda. Kijana alikuwa ameshaondoka, anatembea haraka bila kugeuka, na shati lake lilionekana mpaka mwisho wa barabara.

Habari zilifika kwa mwenye shule ya udereva kabla yake. Alimkuta ofisini, na kwa mara ya kwanza lile tabasamu la dukani halikuwepo.

"Mwalimu, umemwaga mtama kwenye kuku wengi. Mambo ya ndani ya gari unayatangaza getini kwa watu?"

"Nimesema kweli."

"Kweli ina mahali pake. Sasa waliopita hapa wote wakija kudai warudiwe masomo?"

"Waje! Ndicho ninachotaka! Waite wote, tuanze upya, mimi nitakaa miguu juu ya kiti mpaka wajue!"

Mwenye shule aliegemea nyuma. Hata hakukasirika. "Hawatakuja," alisema taratibu. "Kwani wao wanajua kama hawajui? Wanaendesha kila siku. Wana furaha. Nyamaza, Mwalimu, mkate wako wa kila mwezi ubaki mezani."

Mwalimu Breki alichomoa ufunguo wa lile gari jeupe mkobani akauweka mezani. Hakuutupa, ingawa alitamani kumtupia usoni. Ghadhabu yake hakujua aielekeze wapi, kwa bwana yule, au kwa mguu wake mwenyewe uliofanya kazi yote hiyo kwa ufundi na kwa mshahara.

Nje ya geti alimkuta mdogo wake anamsubiri. Shati jeupe limelowa jasho mgongoni. Alikuwa amezunguka mji asubuhi nzima akipanga maneno, na sasa alikuwa nayo yote.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema. "Mama analia. Umefurahi?"

"Sijafurahi."

"Ungeniambia mimi! Siku ile ya kwanza kabisa ungeniambia, nimekufungia breki, fanya tena. Ungenikemea!"

"Ungeacha."

"Basi ningeacha! Ningekuwa nimeacha, na ningejua nimeacha!"

Walikuwa wanatembea bega kwa bega, wanagombana, mpaka ukingo wa barabara kubwa palipochorwa zebra mbele ya shule. Kijana, hasira zimempanda, alitangulia kuvuka huku bado amegeuza uso kwa dada yake. Mwalimu Breki aliona gari dogo la bluu likija. Aliinua mkono juu, kiganja wazi, kama alivyowafundisha watu. Gari lilikuwa mbali vya kutosha. Likaja, halikupunguza. Alimdaka mdogo wake shati mgongoni akamvuta kwa nguvu zake zote, kitambaa kikachanika, na kioo cha pembeni cha gari kikapita kwenye mkono wa kijana kikamchubua ngozi.

Kwenye usukani alikuwa msichana mmoja, amependeza, miwani ya jua kichwani. Aliuona mkono ulioinuliwa, akamtambua mwenye mkono, na uso wake ukachanua kwa furaha ya kweli. Alitoa mkono wake nje akaupunga.

"Mwalimu! Mwalimu wangu, hujambo!" aliita, akapiga honi mbili za salamu, akaendelea na safari kwa mwendo ule ule.

Damu ilianza kujitokeza kwenye mchubuko. Kijana hakuitazama. Alikuwa analitazama gari la bluu mpaka likapotea kwenye kona.

"Yule naye," aliuliza, na sauti yake haikuwa tena na ugomvi, "ulikuwa unamfungia?"

"Kila siku," alisema dada yake. Alikuwa bado ameshika shati lililochanika, na hakuliachia, kwa sababu gari jingine lilikuwa linakuja.